Sake: Hesabu ya watembea kwa miguu, kinga na chukudu inahitaji nini ili iaminike

Mji mdogo wa Sake, katika usultani wa Bahunde, teritwari ya Masisi, uko kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, karibu na ghuba ya Kabuno kwenye Ziwa Kivu. Barabara za sehemu kubwa ya Kivu Kaskazini zinakutana hapo. Moja inakwenda Goma. Nyingine inafuata ziwa kupitia Shasha na Bweremana hadi Minova, kisha Kalehe na Bukavu. Nyingine inapanda mlima kuelekea Mushaki, Masisi-kati na Walikale. Nyingine tena inaelekea Kitshanga. Viazi, maharagi, ndizi, muhogo, jibini ya Masisi na makala vinavyoliwa na kuchomwa Goma, sehemu kubwa hupitia njia hizo.

Wengi wa wanaopitia hapo hawako ndani ya gari. Ni mama aliyebeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani, mwanafunzi wa masomo ya msingi, mkulima mwenye jembe, kijana anayesukuma kinga yenye magunia mawili, na mwenye chukudu, ile baisikeli ya mbao ya Kivu inayotengenezwa mara nyingi kwa mti wa mkalitusi. Chukudu imejengewa hata sanamu katikati ya mji wa Goma, kwenye mzunguko unaobeba jina lake. Lakini katika vitabu vya wanaopanga barabara, chukudu na mtembea kwa miguu huonekana kwa shida. Sababu moja ni kwamba kuwahesabu vizuri ni kazi ngumu kuliko kuhesabu magari.

Gari linaacha alama, mguu hauachi

Gari linahesabika hata kama hakuna mtu aliyetumwa kulihesabu. Linanunua mafuta, linalipa kwenye kituo cha ushuru wa barabara, lina nambari na kitabu. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unapata sehemu kubwa ya pesa zake kutoka ushuru wa mafuta na malipo ya vituo vya barabarani. Kwa hiyo kila lori linalopita linaacha alama kwenye hesabu za serikali.

Mama anayetoka Sake kwenda shambani haachi alama yoyote. Chukudu haitumii mafuta. Mtu akiketi ofisini na kusoma daftari za malipo peke yake, atafikiri barabara ni ya malori, jipu na pikipiki tu. Akipanga kuitengeneza, atafikiria unene wa udongo na lami kwa ajili ya malori, na atasahau ukingo wa kutembelea, mahali pa kuvukia karibu na shule na soko, na nafasi ya kinga na chukudu kusimama bila kusukumwa mtaroni.

Jiji la Nairobi nchini Kenya lilipata shida hiyo hiyo kwa njia yake. Huko pia sehemu kubwa ya wakaaji huenda kazini kwa miguu, huku barabara zikijengwa kwa ajili ya magari. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itengwe kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baisikeli. Lakini hata sera ya namna hiyo inauliza swali lilelile: watu hao ni wangapi, wanapita wapi, na saa ngapi? Bila hesabu, pesa zinaweza kwenda mahali ambapo watu hawapiti.

Nchi isiyo na sensa ya karibu

Sehemu nyingine, mpangaji asiye na hesabu ya barabarani anaweza kukisia kwa kutumia idadi ya wakaaji. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo njia hiyo ni dhaifu. Sensa ya mwisho ya watu na makazi ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, idadi nyingi zinazotumika ni makisio, au zinatoka kwenye daftari za wakubwa wa vijiji, maeneo ya afya na mashirika ya kiutu.

Kwa Sake jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu wakaaji wenyewe wanahama na kurudi. Mwezi wa Novemba 2012 M23 waliingia Sake baada ya kuchukua Goma. Mwezi wa Februari 2024 mapigano yalipokaribia mji, sehemu kubwa ya wakaaji walikimbilia Goma na kambi zilizo pembeni yake, na barabara ya Sake kwenda Minova ikakatwa karibu na Shasha. Bei ya vyakula ikapanda Goma, na mizigo ya Minova ikawa inavuka ziwa kwa mtumbwi na mashua. Mwezi wa Januari 2025 AFC/M23 wakachukua Sake, siku chache kabla ya kuingia Goma. Mwezi uliofuata kambi nyingi za Goma zikabomolewa au zikabaki tupu, na watu wengi wakashika njia ya kurudi Masisi kupitia Sake.

Katika hali hiyo, idadi iliyoandikwa mwezi wa kwanza inaweza kuwa ya uongo mwezi wa tatu, hata kama aliyeiandika alikuwa mwaminifu. Kinachosaidia ni kuhesabu tena na tena, kwa namna ileile, mahali palepale.

Somo la Nyiragongo

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa 10 ya Goma waondoke, na akaelekeza watu njia ya Sake. Siku ile barabara ya Goma kwenda Sake ilijaa magari, pikipiki na watu wa miguu wenye magodoro, masufuria na watoto. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikisia kwamba watu karibu 400,000 walitoka makwao. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walikwenda Rutshuru, wengine Bukavu. Makumi ya maelfu walisimama Sake, wakalala mashuleni, makanisani na pembeni ya barabara.

Hapo ndipo hesabu inageuka kuwa maji ya kunywa. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya kiutu hufuata duniani kote, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na choo kimoja kisizidi watu 20, au 50 mwanzoni kabisa mwa dharura. Sasa chukua mfano: kama aliyehesabu amekosea kwa watu 10,000 tu, lita 150,000 za maji zinapungua kila siku. Mabomba 40 hayapo. Vyoo 200 havipo, hata kwa kipimo kile cha chini. Na Sake iko kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, ambapo mtu asiye na maji ya bomba huchota ya ziwani. Kipindupindu kinajulikana vizuri katika eneo hilo.

Kosa la upande wa pili nalo linaumiza. Idadi ikizidishwa, malori ya maji na chakula yanapelekwa mahali pamoja, huku Minova au Kirotshe wakisubiri. Tena, wanaotoa msaada wakigundua kwamba idadi iliongezwa, wanapunguza imani hata kwa hesabu ya kweli itakayokuja baadaye.

Kupita si mtu

Kosa linaloonekana mara nyingi katika hesabu za barabarani ni kuchanganya mapito na watu. Mama anayekwenda shambani asubuhi na kurudi jioni amepita mara mbili, lakini ni mtu mmoja. Kama karatasi ya kituo inaonyesha mapito 3,000 kwa siku, na wote walikwenda na kurudi, watu ni 1,500. Kama nusu yao walikwenda bila kurudi, hesabu ni nyingine kabisa.

Jambo hilo lilionekana wazi wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, na mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma tarehe 14 Julai 2019. Kwenye barabara na mipaka viliwekwa vituo vya kunawa mikono na kupima joto la mwili. Vituo hivyo viliandika mamilioni ya vipimo. Lakini muchuuzi mmoja aliyepita kituo kimoja kila siku kwa mwezi mzima aliandikwa mara nyingi. Kwa wauguzi hilo halikuwa kosa, maana kila kupita kulikuwa hatari mpya. Kwa mpangaji anayetaka kujua idadi ya watu, kutumia namba hizo bila maelezo kungempoteza.

Hali ni ileile kwenye mpaka mdogo wa Goma na Gisenyi, unaoitwa Petite Barrière, ambapo makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu siku ya kawaida. Wengi wao ni walewale, wachuuzi wanaovuka zaidi ya mara moja kwa siku.

Wakati wa vita mchanganyo unazidi. Wapo wahami waliolala Goma au Mugunga na kurudi Sake mchana kutafuta muhogo kwenye mashamba yao, kisha wakarudi kulala kambini. Anayesimama barabarani asubuhi, akitazama upande mmoja tu, ataandika kwamba watu wanarudi makwao. Anayesimama jioni ataandika kwamba watu wanakimbia. Wote wawili wameona kweli, lakini kila mmoja ameona nusu. Ndiyo sababu karatasi ya hesabu inapaswa kuwa na pande mbili: wanaoingia na wanaotoka, kila saa na mstari wake.

Siku moja haitoshi

Chukua mfano mwingine. Kituo kimoja kinapitisha watu 2,000 siku ya soko, na 800 katika kila moja ya siku sita zinazobaki. Juma zima ni mapito 6,800. Aliyehesabu siku ya soko peke yake akazidisha mara saba atapata 14,000, zaidi ya mara mbili ya kweli. Aliyehesabu siku ya kawaida akazidisha mara saba atapata 5,600, na soko lote litakuwa limepotea.

Mwongozo wa barabara wa maabara ya Uingereza TRL, unaojulikana kama Road Note 31 na unaotumika katika nchi nyingi za Afrika, unashauri kuhesabu siku saba mfululizo: siku nyingine kwa saa 16, na angalau siku mbili kwa saa 24, moja ya katikati ya juma na moja ya mwisho wa juma. Sake, usiku si wakati wa kumweka mtu barabarani ovyo. Kama usalama hauruhusu, saa hizo ziachwe wazi na iandikwe sababu. Kuandika sifuri mahali ambapo hakuna aliyehesabu ni kusema uongo: sifuri maana yake hakuna aliyepita, na nafasi tupu maana yake hakuna aliyetazama. Tofauti hiyo ndogo ya kalamu inaweza kubadilisha jumla yote.

Majira nayo yana neno. Msimu wa kwanza wa kilimo huanza mwezi wa tisa, wa pili mwezi wa pili. Wakati wa kulima, wakulima wanajaa njiani alfajiri. Wakati wa kuvuna, kinga na chukudu zinashuka zimejaa. Mvua ikinyesha, mteremko wa Mushaki unakuwa matope, na gari likikwama, mzigo wake unashushwa na kuendelea kwa miguu au kwa pikipiki. Hesabu ya mwezi wa saba, barabara ikiwa kavu, haiwezi kusimama peke yake kwa ajili ya mwaka mzima.

Chukudu iandikwe wapi?

Kabla ya kumtuma mtu barabarani, ni lazima kanuni ziandikwe. Karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine haina safu ya chukudu. Mhesabu mmoja ataiweka kwa kinga, mwingine kwa mikokoteni, wa tatu ataiacha. Mwisho wa siku karatasi tatu hazilinganishwi.

Tena, chukudu inashuka mlima ikiwa na mtu mmoja juu yake, lakini inapanda ikisukumwa na wawili au watatu. Je, ni chukudu moja, au ni watembea kwa miguu watatu? Yote mawili yanafaa, mradi yaandikwe katika safu mbili: chombo kimoja, watu watatu. Kinga inayosukumwa na magunia juu si sawa na kinga inayoendeshwa, kwa sababu inachukua nafasi pana zaidi na inakwenda polepole. Mtoto aliye mgongoni mwa mama ahesabiwe au asihesabiwe? Kwa upana wa njia, si lazima. Kwa maji na chanjo, ni lazima. Pikipiki yenye watu watatu ni chombo kimoja, lakini ni wasafiri watatu. Kila jibu linakubalika. Kisichokubalika ni kila mhesabu kuwa na jibu lake.

Mashine inasaidia, lakini haioni yote

Katika miji ya Ulaya na Marekani vyombo vya umeme vinahesabu watu na baisikeli usiku na mchana. Mwongozo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hesabu za watembea kwa miguu na baisikeli ulionyesha udhaifu wa vyombo vingi: watu wawili wakipita bega kwa bega mbele ya chombo cha miali ya joto, mara nyingi kinaona mmoja. Ndiyo maana hata huko mtu hutumwa kuhesabu kwa macho kwa saa kadhaa, ili kujua chombo kinapunguza kiasi gani.

Kwenye njia panda ya Sake, ambapo watu hutembea kwa makundi na mizigo, chombo hicho kingepunguza zaidi. Mpira unaotandazwa barabarani kuhesabu magurudumu hautofautishi kinga na chukudu, na mtembea kwa miguu haugusi kabisa. Na kuna hatari nyingine: sanduku lenye antena lililofungwa kwenye mti katika eneo la vita linaweza kuchukuliwa kuwa chombo cha upelelezi, na aliyelifunga akaulizwa maswali mabaya.

Takwimu za simu nazo zimetumika Kongo. Wakati wa Covid-19, shirika la Flowminder lilifanya kazi na makampuni ya simu kuonyesha, bila majina ya watu, jinsi mienendo ilivyobadilika Kinshasa wakati mtaa wa Gombe ulipofungwa mwezi wa Aprili 2020. Njia hiyo inaonyesha mwelekeo wa makundi makubwa. Lakini watoto hawana simu, wanawake wengi wa kijijini wanatumia simu ya familia, na mnara ukizimika Sake, watu wote wanaonekana kama wametoweka. Simu inaweza kusema watu wameelekea wapi. Haiwezi kusema kama walikwenda kwa miguu, kwa kinga au kwa lori.

Hofu ya bariyeri

Kikwazo kikubwa zaidi pengine hakiko kwenye karatasi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, kituo cha Ubelgiji, walitoa ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili. Walihesabu 798. Wenye silaha na watumishi wa serikali walikuwa wakitoza pesa au mazao kwa wanaopita, hata wenye kinga na wabeba mizigo. Kwa mtu aliyekulia kwenye njia hizo, yeyote anayesimama pembeni ya barabara na kalamu anafanana na mtoza ushuru.

Mtu mwenye hofu hiyo hupita njia ya porini, na hesabu inapungua kwa sababu tu kuna anayehesabu. Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya siku ya kwanza: wakubwa wa mitaa, makanisa, misikiti, shirika la kiraia, chama cha wenye chukudu na cha wenye pikipiki waelezwe mapema. Mhesabu asiulize jina, asiulize kabila, asisimamishe mtu, asishike pesa, na asisimame karibu na bariyeri. Anaweka alama za vijiti tu. Karatasi isiyo na majina haiwezi kumdhuru mtu hata ikianguka mikononi mwa wengine. Lakini namba zinazoonyesha wapi na saa ngapi watu wengi hupita zinaweza kutumiwa vibaya vilevile, kwa hiyo zinazotangazwa katika eneo la vita ni bora ziwe za juma au mwezi, si za saa.

Jinsi ya kujua kama hesabu ni ya kweli

Uaminifu wa hesabu unaweza kupimwa kwa gharama ndogo. Kwanza, wahesabu wawili wawekwe kituo kimoja kwa saa moja, kila mmoja na karatasi yake, bila kuonyeshana. Mmoja akipata 412 na mwingine 380, tofauti ni karibu asilimia 8; inajulikana na inaandikwa. Mmoja akipata 412 na mwingine 250, kazi isimame na wafundishwe upya.

Pili, vituo vilinganishwe. Waliotoka Sake kuelekea Goma waonekane Mugunga, isipokuwa walioishia njiani, kama vile Mubambiro, au waliotoka huko na kuongezeka. Tofauti isiyo na maelezo ni dalili ya kosa. Tatu, namba za duara zitiliwe mashaka: mtu anayeandika 100, 150, 200 kila saa huenda ameketi kivulini. Nne, wahesabu wabadilishane kila saa mbili, maana macho yanachoka. Na walipwe kwa saa walizofanya, si kwa idadi waliyoleta.

Kazi hiyo haihitaji chombo cha bei kali. Inahitaji karatasi, kalamu, saa, watu waliofundishwa, na ofisi itakayopokea namba hizo na kuzihifadhi. Ofisi ya Barabara, idara ya njia za kilimo, idara ya mipango na taasisi ya taifa ya takwimu zote zina nafasi yake, lakini kila moja ikihesabu kivyake na kuficha karatasi zake, Sake itabaki bila picha moja ya barabara zake.

Kwa sasa malori yanayopitia njia panda ya Sake yanaendelea kuandikwa, na pesa zao kuhesabiwa. Wanaotembea kando yao wanaendelea kupita alfajiri na jioni, bila safu yao kwenye karatasi.